Mto wa Manyoya

11 Februari

Mwanangu,

Nimefika salama na begi langu limefika salama. Karanga ulizonifungia hazikufika, kwa sababu nilizila njiani. Binamu yako hajambo, mkewe hajambo, na mtoto wao, mjukuu wangu, ameota meno mawili ambayo anayajaribu kwenye kila kidole kinachopita karibu. Wote wanakusalimia.

Binamu yako, kama ujuavyo, ni fundi wa lifti. Kutwa anazunguka kwenye majengo ya watu akizitibu lifti zao, na yeye mwenyewe anaishi ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake haijasogea tangu mwaka juzi. Mganga hajigangi. Siku ya kufika nilipanda ngazi nikipumzika kila ghorofa, na majirani wakapata nafasi ya kunijua vizuri. Sijashuka tena ila kwenda kwa daktari. Ni kikohozi tu, kile kile unachokijua. Wiki tatu, zikizidi sana nne, nitakuwa nimerudi.

Sasa tuje kwenye kazi. Kuku ni watano, na wewe hujawahi kufuga hata paka. Wafungulie asubuhi na mapema, maana kuku aliyechelewa kufunguliwa hununa siku nzima. Maji wabadilishie kila siku, hata kama ya jana yanaonekana safi. Jioni hakikisha komeo la chini, si la juu peke yake. Maranda ya kutandika bandani chukua kwa seremala wa ng'ambo ya barabara. Hutoa bure, na asikwambie vinginevyo. Na kila yai liandikwe tarehe kwa penseli, siku ile ile lililotagwa. Nilikaa masjala miaka thelathini na moja na hakuna karatasi iliyopita mikononi mwangu bila tarehe, sembuse yai, ambalo huoza upesi kuliko faili.

Usinipigie simu. Simu zinanichosha, na huyu mtoto akiisikia inalia naye analia. Niandikie. Barua mtu huisoma mara mbili.

Je, umeshalifungua lile sanduku la bluu?

Shangazi yako


24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kusikia mtoto ana meno. Hapa ni wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, nimelikaza mwenyewe. Ramani zangu nazichorea kwenye meza yako ya kulia, kwa hiyo siku ukisikia kwamba meza ina doa la wino, kumbuka ulisikia kwangu kwanza.

Kuku wako wanaendelea vizuri kuliko mimi. Yule mwekundu, anayetembea akigeuza kichwa huku na huku, siku ya tatu alinitazama miguuni mpaka nikajikagua viatu. Nimemwita Mkaguzi. Yule mweusi anayelalamika kabla sijafanya kosa nimemwita Mama Mkwe, na nadhani nina haki hiyo. Yule mzee wa kijivu asiye na haraka ni Mstaafu, kwa heshima yako. Wawili weupe bado siwezi kuwatofautisha, nawaita nyie.

Mayai naandika tarehe. Wiki ya kwanza sikuona penseli nikatumia kalamu ya wino, na nilipoyachemsha wino ukapenya ganda. Asubuhi hiyo nilikula yai lenye doa la bluu, na ulimi wangu ukajua kwamba ni la tarehe kumi na sita.

Kuna jambo nimeliamua, usicheke. Nataka kumaliza mwaka mzima bila kutupa kitu kinachoweza kutumika. Maganda ya viazi kwa kuku, mbolea ya kuku kwenye mboji, mboji kwenye mchicha, mchicha kwangu, mashina ya mchicha kwa kuku tena. Maji ya mvua nakinga kwenye pipa. Mifuko ya plastiki marufuku mlangoni. Wiki iliyopita taka zangu zote zilienea kwenye kopo la rangi, na nilipoliinua lile kopo nikajiona nina akili, jambo ambalo halijanitokea kwa muda mrefu.

Seremala anakusalimia.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto sasa ana meno manne na maadui wanne. Mama yake amerudi kazini, kwa hiyo asubuhi tunabaki mimi na yeye, wote wawili bila nywele za kutosha, tukitazamana.

Nimecheka, samahani. Hilo la kutotupa kitu sisi hatukulipa jina. Tulikuwa tunaosha chupa, tunakata shuka kuukuu kuwa taulo za vyombo, na maisha yanaendelea. Lakini sikukatazi, bali nakuongezea. Maganda ya mayai yakaushe, yatwange, uwarudishie kuku, yanaimarisha ganda la mayai yajayo. Usiwape yakiwa mazima, wataanza kudonoa mayai yao wenyewe, na kuku akishaonja hilo hasahau. Mashina ya mchicha yakatekate, Mkaguzi ni mlafi na ataniaibisha kwa kukabwa. Jina umempa sawa. Nilikuwa na bosi wa namna hiyo.

Hao weupe wawili tazama vidole. Mmoja ana ukucha uliopinda.

Kurudi kutachelewa kidogo. Daktari anataka kunitazama tena mwezi ujao, na ngazi nazo si za kushuka na kupanda kila siku. Tuseme mwezi wa tano. Mwambie seremala salamu zimefika.

Swali langu la sanduku naona lilipotelea posta. Nalirudia.

Shangazi yako


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mwenye ukucha uliopinda nimempata, na mwenzake anaitwa Mwenzake. Mchicha umeshika. Kopo la taka sasa linajaa kwa siku kumi.

Nina shida. Mstaafu hajataga tangu ulipoondoka. Mwanzoni nilidhani anaficha, nikatambaa chini ya banda nikatoka na utando wa buibui kichwani na hakuna yai. Kila ninayemuuliza ananijibu neno moja tu, mchuzi. Na kwa hesabu yangu mwenyewe wana haki, maana anakula na hatoi, na mimi ndiye niliyesema kila kitu nyumbani humu kitumike. Jumamosi nilinoa kisu. Nikaenda nacho uani, nikakaa juu ya ndoo kujipa moyo, na yeye akaja akakaa juu ya mguu wangu, akafumba macho. Tulikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Kisu nilikirudisha nikakatia kitunguu. Ni kuku wako, amua wewe.

Jingine. Ulisema wiki nne, na sasa ni saba. Najua hutaki simu, lakini Jumapili nilipiga. Binamu akasema umelala. Ilikuwa saa tano asubuhi, Shangazi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu mzima akilala baada ya jua kutoka ni mgonjwa au mvivu. Daktari amesema nini?

Seremala anakusalimia. Hii ni mara ya pili, nimeanza kuhesabu.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Mtoto alikuwa na homa, sasa amepona na amerudia kuuma watu. Binamu yako amepandishwa cheo, ana vijana wawili chini yake, na lifti yetu bado imelala.

Mstaafu hachinjwi. Anakula mende, anaparua bustani, na wadogo wakigombana yeye ndiye anayeingia katikati. Hukuliona hilo? Litazame jioni wanapoingia kulala, hakuna anayepanda kitini, ule ufito wao wa kulalia, kabla yake. Kutaga si kazi pekee duniani. Mimi mwenyewe sijafungua faili miaka sita na bado napewa chai.

Daktari ni kijana mpole mwenye mikono ya baridi.

Mwezi wa tano naona hautawezekana. Mtoto amenizoea, na mvua zimeanza, na ngazi zinateleza. Mwezi wa saba tutaona. Wewe endelea kuishi hapo kama kwako. Ni kwako.

Mwambie seremala salamu zimefika na zinatosha.

Shangazi yako


19 Mei

Shikamoo Shangazi,

Poleni na homa ya mtoto, na hongera kwa binamu. Hapa nimepata kazi ya ramani ya mtaa mzima, miezi minne, na nimenunua taa nzuri ya mezani. Mstaafu nilimtazama jioni kama ulivyosema. Ni kweli. Mama Mkwe mwenyewe, na mdomo wake wote, anasubiri chini mpaka mzee apande.

Kuhusu sanduku la bluu, sasa nakujibu. Nimelifungua. Nilikuwa naogopa vitu vya ndani, na vya ndani vilikuwa foronya nne, sahani mbili, na saa ya ukutani iliyosimama. Ndoa ya miaka saba, Shangazi, na hicho ndicho nilichobeba. Nililia kidogo, kisha nikaanza kufikiri sanduku lenyewe lifanye kazi gani. Nilitoa kifuniko, nikatoboa matundu, nikatandika maranda, nikaliweka bandani. Asubuhi ya pili Mkaguzi alikuwa amekaa ndani kama abiria. Sasa wanalipangia foleni. Yai la kwanza la sandukuni nimeliandika tarehe na sijalila bado.

Kuku wananyonyoka. Nilipoona ua umejaa manyoya nilishtuka, nikadhani mnyama ameingia, lakini seremala akanieleza kwamba ni msimu wao. Manyoya mengi hivyo, na mimi na nadhiri yangu ya kutotupa kitu. Nimechagua yale laini ya tumboni, ya Mstaafu hasa, nimeyafua, nimeyaanika siku nne, na nimekushonea mto kwa foronya moja ya sandukuni. Nimeushona kwa mkono. Upande mmoja umepinda, lala upande mwingine. Ukiweka sikio utadhani uko uani kwako.

Ufungue ule mfuko pole pole, yapo yanayochomoza.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Mto umefika.

Nilikuwa nimekaa dirishani na mtoto mapajani binamu yako alipouleta, na nilijua ni nini kabla sijaufungua, kwa harufu. Ulifua vizuri, lakini kuku hafuliki. Niliuweka usoni kama kichaa. Mke wa binamu yako aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimetembelewa.

Miaka ishirini na mbili nimelala nikisikia wale ndege wakipangana kitini. Hapa nasikia televisheni ya jirani. Tangu juzi nalala vizuri. Ahsante, mwanangu. Sijapewa kitu kizuri hivi tangu saa ya kustaafu, na ile haikufanya kazi.

Umefanya vyema kuhusu sanduku. Nilijua ukilifungua utalipatia kazi.

Usiniulize nitarudi lini. Nikijua utajua.

Shangazi


20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kuhusu mto, nikaisoma barua mara mbili, na mara ya pili nikaona mwandiko. Mistari inashuka. Wewe, uliyekuwa unarudisha barua za wakurugenzi kwa sababu mistari inashuka.

Nitasema moja kwa moja, maana kusema kwa kuzunguka ni kazi yako na unaiweza zaidi. Nyumba ni yako, kitanda ni chako, kuku ni wako, na mimi nilikuja kwa wiki mbili nikiwa na sanduku. Wiki nne zikawa mwezi wa tano, mwezi wa tano ukawa wa saba, sasa hata mwezi hakuna. Kama ni mimi ninayekuzuia, kama umechoka kukaa na mtu anayelia jikoni, niambie. Nitatafuta chumba. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, kisha nitaacha.

Nakuuliza kwa mara ya pili daktari amesema nini.

Mwanao


28 Julai

Shangazi, shikamoo.

Wiki tano bila jibu. Binamu akipokea simu anasema "yupo, anapumzika" kwa sauti ya mtu aliyeshikiwa kisu. Mchicha umekomaa, nimegawa kwa majirani. Kuku wote wazima. Sina habari nyingine na sitaki kuandika habari nyingine.

Sema chochote. Hata kunigombeza.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Naandika nikiwa kitandani, na mistari itashuka, uivumilie. Nililazwa tangu mwisho wa mwezi wa sita. Nimetoka juzi. Nilimkataza binamu yako kukwambia, usimlaumu, anakuogopa wewe lakini mimi ananiogopa zaidi.

Sasa nakujibu swali la daktari. Mwezi wa pili, siku ya kwanza kabisa, alinipiga picha kifua, akaniuliza nafuga nini. Nikamwambia. Akasema hicho si kikohozi cha baridi. Ni vumbi la ndege, la manyoya na la kinyesi. Miaka yote limekuwa likiingia kifuani, na sasa mwili umelikataa. Akasema dawa ya kwanza ni kukaa mbali nalo, na nikirudi kuishi na kuku mapafu yatakauka kidogo kidogo mpaka yasifae. Alisema kwa upole, na mikono yake ile.

Ndiyo maana sikutaka simu. Ungenisikia ninavyohema.

Kisha mto ukaja. Nilijua, mwanangu. Usijidanganye kwamba sikujua. Niliuweka kwenye foronya nyingine wasiutambue, nikaulalia kila siku. Nilipozidiwa, daktari aliniuliza, mama, kuna ndege nyumbani? Nikasema hakuna. Aliuliza mara tatu, kila mara kwa namna nyingine, na mimi mtu wa masjala niliyeapa kutunza kumbukumbu kama zilivyo, nikasema hakuna. Siku ya kumi binamu yako alikuwa anabadilisha shuka zangu nyumbani, akachomwa kidole na unyoya. Akaubeba mto ndani ya mfuko uliofungwa mpaka hospitali. Yule kijana mpole alinigombeza mpaka nesi akatoka nje. Tangu walipojua cha kutibu nimepata nafuu.

Utaniuliza kwa nini. Ulikuja kwangu mwezi wa kumi na moja. Wiki sita ulilala, ukaamka kula nusu sahani, ukalala. Nilikuwa nasimama mlangoni kwako nakusikiliza kama unapumua. Asubuhi moja nilikohoa nikashindwa kufika bandani, nikakuita, ukaenda wewe. Ukarudi na mayai mawili kwenye upindo wa nguo na unyasi kichwani, na ulikuwa unaongea. Ulikuwa unanieleza kwamba yule mweusi ana tabia mbaya. Mimi nikageukia jiko ili usinione uso.

Kwa hiyo daktari aliponiambia nichague, nilikuwa nimeshachagua. Ningekwambia, ungewatoa kuku siku hiyo hiyo, nakujua. Kisha ungerudi kulala. Kuku wabaki na wewe, mimi nibaki hapa. Nimeridhika. Si wewe unayenizuia. Ni mimi ninayekulinda, na sikuifanya kazi hiyo vizuri.

Shangazi yako


16 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, kwa sababu ya malezi tu.

Nimeisoma barua yako mara mbili kama desturi, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti uani, mbele ya Mkaguzi na wenzake, wasikie wanachosingiziwa. Kisha nilikaa juu ya ile ndoo. Nimekushonea sumu kwa mkono wangu. Niliifua, nikaianika, nikachagua iliyo laini zaidi, nikailipia stempu. Na wewe ukaipokea, ukaijua, ukalala juu yake ili nisihuzunike. Sijui nikukumbatie au nikufungie ndani.

Nimekasirika, nataka ulijue hilo. Umekaa miezi sita ukipanga maisha yangu ghorofani bila kuniuliza, na kidogo nikuzike.

Halafu hesabu yako ina kosa. Unadhani kuku ndio walioniamsha. Shangazi, ile asubuhi ya kwanza sikuwa nawajua hao kuku. Niliamka kwa sababu uliniita. Na baada ya kuondoka niliamka kwa sababu uliandika "wafungulie asubuhi na mapema", "maji wabadilishie", "tazama vidole". Hakuna mwingine aliyekuwa ananiambia la kufanya. Kila mtu alikuwa ananionea huruma na kuniachia nilale. Wewe peke yako ulinipa kazi ukanigombeza. Nimeziweka barua zako zote kwenye kopo la biskuti, kwa tarehe.

Basi sikiliza lililokwisha kufanyika, kwa sababu sikuombi ruhusa. Jumatatu nilivuka barabara kwa seremala. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilipofika kwenye neno "shangazi" akaweka randa chini akauliza wahamie lini. Jumatano tulilibeba banda na sanduku la bluu, na kuku mmoja mmoja kwapani. Wako kando ya karakana yake, ng'ambo ya barabara, upande ambao upepo hauji kwetu. Mstaafu alizunguka ua mpya mara moja, akapanda kiti chake, na wote wakamfuata.

Huku nimechimba udongo wote wa pale banda lilipokuwa, nimeutoa, nimemwaga chokaa. Kuta zote zimepakwa rangi. Godoro lako, mapazia, zulia, vyote vimeondoka, kwa hiyo nadhiri yangu ya kopo la taka imekufa, na sijutii. Kila asubuhi navuka na kuwafungulia. Koti na viatu vya bandani vinabaki kwa seremala, na nikirudi naoga kabla sijagusa kitasa cha chumba chako. Nimeanza kufanya hivyo ingawa hupo, ili nizoee.

Binamu amemuuliza daktari. Amesema nyumba ikae wiki sita, upimwe tena, ndipo uje. Rudi nyumbani, Shangazi. Sitaki kuishi hapa kama kwangu. Nataka kuishi hapa kama kwako.

Mwanao


29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, kwa sababu ya malezi tu.

Sikukuruhusu kuhamisha kitu. Mtu anajitoa mhanga vizuri kabisa, kimya kimya, halafu mtoto anakuja kumwambia hesabu ina kosa. Nimeikagua. Ina kosa.

Nilikunja barua yako nikataka kuandika hapana. Niliandika. Niliandika hapana mara mbili na kuzichana zote, na mtoto akala kipande kimoja. Ukweli ni kwamba nimechoka kuwa jasiri ghorofa ya nne. Nataka kitanda changu. Nataka kusikia lile bomba, hata kama umelikaza.

Nina hofu moja, nayo ni kwamba nitakuja nianze kukohoa, na wewe utakimbia kuwachinja wote. Uniahidi hutafanya hivyo. Nikikohoa nitasema, safari hii nitasema. Nimeapa mbele ya yule daktari, na alinitaka niape kwa maandishi, tena na tarehe.

Binamu yako amesikia kwamba naondoka. Tangu juzi yuko ndani ya shimo la lifti na vijana wake wawili. Anasema mama yake hatashuka kwa miguu. Miezi saba nilipokuwa juu hakuigusa, na sasa naondoka ndipo anaitengeneza. Sijui ni upendo au ni haraka. Nitachukulia ni upendo.

Mwambie seremala salamu zake zimefika. Zote.

Shangazi yako


18 Oktoba

Mwanangu,

Hii haina stempu. Naiacha mezani, juu ya lile doa la wino ambalo nililiona siku ya kwanza nikanyamaza, uone jinsi nilivyobadilika.

Umeondoka sasa hivi. Nilikuwa macho tangu ulipofungua mlango wa nje, na nimekuja kukaa dirishani, kioo kimefungwa kama alivyosema daktari. Nakuona. Ni hatua sitini, nimezihesabu jana nilipotembea mpaka geti la seremala bila kupumzika na bila kukohoa. Pale getini niliishia. Nilisikia Mama Mkwe akilalamika upande wa pili na sikuingia. Nililia kidogo, kisha seremala akaniletea kiti alichokitengeneza, kirefu cha mgongo, akakiweka nje ya geti upande wa barabarani. Nami sikumwambia kwamba mguu mmoja ni mfupi.

Sitawashika tena wale ndege. Nimelikubali, lakini linauma, na nimekuahidi kusema, kwa hiyo nasema.

Sasa umevaa lile koti baya. Unawafungulia, Mstaafu anatoka wa mwisho kama kawaida, na wewe umesimama unamngoja. Umeinama kwenye sanduku. Umepata mawili, matatu. Unatafuta penseli mfukoni. Unacheka na mtu nisiyemwona, au na kuku, na toka nije sijakusikia ukicheka hivyo ndani ya nyumba, kwa hiyo nafurahi kwamba nilikaa dirishani.

Miezi yote hii tumeandikiana na sikuwahi kuandika hili. Nilipokuwa nimelazwa na hewa inakataa kuingia, nilikuwa nasema moyoni, yule mtoto anasubiri kuambiwa la kufanya. Nikawa navuta tena.

Unavuka barabara. Chai iko kwenye chupa na viazi viko chini ya sahani. Oga kwanza, kisha njoo nikukumbatie.

Shangazi yako